Je, Wajua? Kofia za Kibodi na Taa Zake

Je, wajua kwamba jina Ngerengere, na urefu wake wote, linaandikwa kwa vitufe vinne tu? N, G, E na R, basi. Herufi kumi, na E peke yake inabonyezwa mara nne. Ongeza M na O upate Morogoro. Ongeza U na L upate Uluguru. Kwa vitufe vinane vizima unauandika mto, mji na milima, hata kama kibodi iliyobaki imekufa.

Je, wajua kwamba majina hayo matatu hayana A hata moja? Ni bahati tu, kwa sababu A ndiyo herufi inayobonyezwa kuliko zote katika Kiswahili. Andika "haraka haraka haina baraka", kisha hesabu: herufi 23, na 11 kati yake ni A. "Asante sana" ina herufi kumi, nne ni A. Tanzania yenyewe, tatu kati ya nane. Na kwenye kibodi zetu hizi za QWERTY, A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho kwa wengi wetu hakina nguvu hata ya kufungua mfuniko wa soda. Aliyeipanga hakuwa na habari na Kiswahili.

Matokeo yake yanaonekana steshenari yoyote inayochapa barua na kurudufu vyeti. Tazama kibodi ya pale: A imefutika au inang'aa kwa kusuguliwa na vidole, I, U na N zinaifuata, halafu Q na X zipo kama zilivyotoka kiwandani. Q na X hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu, na C haitembei bila H. Ukienda kununua kompyuta ya mtumba, muuzaji akakuapia kwamba haijatumika sana, usibishane naye. Tazama A.

Hapo ndipo habari ya kofia inapoanza. Kofia ninayoisema ni kile kifuniko cha plastiki chenye herufi, kinachokaa juu ya kila kitufe. Kwenye kibodi za mekanika, ambazo kila kitufe kina swichi yake na springi yake, kofia inang'oka kwa mkono na kuwekwa nyingine. Vijana wa vyuo vya Morogoro, SUA na Mzumbe, wameanza kuzipenda hizi kibodi, hasa zile ndogo zinazoingia kwenye begi pamoja na daftari. Swali wanaloulizana la kwanza huwa ni rangi ya taa. Mimi nasema waanze na kofia.

Je, wajua kwamba kofia nyingi za bei nafuu ni plastiki ya ABS, ileile ya matofali ya kuchezea ya Lego? Ni plastiki nzuri, inamwagika vizuri kwenye kalibu, inapokea rangi yoyote. Ubaya wake ni kwamba inalainika usoni kwa kusuguliwa: baada ya muda ule ukavu wa juu unaondoka, kinabaki kioo. Mng'ao huo si uchafu, kwa hiyo usijisumbue kuusugua kwa sabuni. Ni plastiki yenyewe imesagika. Plastiki ya PBT ni ngumu zaidi, haijali mafuta ya ngozi, na inabaki na ule ukwaru wake kwa miaka. Mahali penye joto kama mji wa Ngerengere, ambako vidole vinatoka jasho hata usiku, mimi ningelipa ziada kwa PBT kabla ya kulipia taa.

Lakini PBT nayo ina lake. Inapopoa kiwandani husinyaa kuliko ABS, na kitufe kirefu cha nafasi hupinda. Ndiyo maana utakuta seti ambayo herufi zote ni PBT lakini ule mrefu wa chini ni ABS. Mtengenezaji hajakuibia, amekwepa tatizo.

Je, wajua kwamba unaweza kuitambua kofia bora kwa kuigeuza chali? Ing'oe A, itazame tumboni. Katikati utaona kitundu chenye umbo la msalaba, hapo ndipo inapovaana na swichi. Sasa angalia kuta zake za ndani. Ukiona plastiki ya rangi mbili, moja imeshikana na nyingine, na umbo la A limejitokeza kwa nyuma, basi herufi hiyo haikuchapwa: ni kipande cha plastiki kilichomwagwa kwanza, kisha plastiki ya pili ikamwagwa kukizunguka. Herufi ya namna hiyo haifutiki mpaka kofia yenyewe itoboke. Ukiona ndani kuna rangi moja tu, rudi juu na upitishe ukucha kwenye herufi. Ukisikia kijinundu, ni wino umebandikwa juu, na A yako haitamaliza miaka mingi ya Kiswahili.

Kuna njia ya tatu: wino unaopikwa kwa joto mpaka unazama ndani ya plastiki. IBM waliitumia kwenye kibodi yao ya Model M iliyotoka mwaka 1985, na zipo ambazo mpaka leo zinafanya kazi na herufi zake zinasomeka. Njia hii ina sharti moja: wino lazima uwe mweusi kuliko plastiki. Kwa hiyo kofia za aina hiyo mara nyingi ni nyeupe, kijivu au za rangi ya maziwa. Na kwa kuwa plastiki ile ni nzito, mwanga haupiti. Hapo tayari umeshaona ugomvi wa kofia na taa.

Je, wajua kwamba kofia haina uwezo wowote juu ya herufi inayotokea kwenye skrini? Kibodi ya USB haitumi herufi, inatuma namba ya mahali. Kitufe cha A kinatuma namba 4, B namba 5, mpaka Z namba 29. Kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo isomeke vipi. Ukihamisha kofia ya A ukaiweka juu ya P, kompyuta haitajua lolote.

Ndiyo maana watu wanahangaika na alama ya @. Kwenye mpangilio wa Marekani ipo juu ya 2. Kwenye mpangilio wa Uingereza, juu ya 2 kuna alama za kunukuu, na @ imehamia jirani na Enter. Kompyuta za mtumba zinazofika kwetu zinatoka kote huko, kwa hiyo kofia inaweza kusema Uingereza na mipangilio ya ndani ikasema Marekani. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kununua kofia mpya. Unatibiwa kwenye mipangilio ya lugha, bure.

Na ng'ombe? Ile alama ya juu inayotenganisha ng'ombe na ngombe ipo kwenye kidole cha mwisho cha kulia, jirani na Enter, na kibodi ndogo haiipunguzi. Usiwe na wasiwasi.

Je, wajua kwamba Bukavu, Goma na Bujumbura, kompyuta nyingi zina mpangilio wa Kifaransa, ambao kwao mstari wa juu unaanza na AZERTY? Huko A imepanda juu, na mahali pa A petu pamekaa Q. Fikiria: Mkongomani anayeandika Kiswahili amelaza kidole cha mwisho cha kushoto juu ya herufi ambayo lugha yake haiitumii kabisa. M nayo imetoka chini ikahamia kulia kwa L, na namba za juu zinataka Shift. Mtu wa Ngerengere akikaa mbele ya kibodi hiyo, salamu ya kwanza tu itakuwa "hqbqri".

QWERTY yenyewe ni ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, na kampuni ya Remington ndiyo iliyoiuza kwenye mashine za chapa tangu 1874. Mashine ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Shift ilikuja mwaka 1878. Wala mashine hiyo ya kwanza haikuwa na kitufe cha 1. Ulitumia I.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku kompyuta? Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mambo yakaenda kombo katika mfumo wa hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta na vifaa vyake kuingizwa nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu huko nje wanaanza kuizoea kibodi ya kompyuta, hapa mashine ya chapa iliendelea kutawala ofisini, na chuo cha Tabora kiliendelea kutoa makatibu mahsusi walioweza kuandika barua nzima huku wakimtazama mgeni usoni.

Sasa ukubwa. Kibodi kamili ya mpangilio wa Marekani ina vitufe 104. Ukiondoa namba za kulia, vinabaki 87. Zinazofuata zina 84 au karibu na hapo, halafu 68 au 67, na ile ndogo inayopendwa sana ina 61: hakuna mishale, hakuna F1 hadi F12, hakuna Delete. Vyote hivyo vimefichwa chini ya kitufe kiitwacho Fn, unavishika viwili kwa pamoja. Kwa mwandishi wa insha, 61 vinatosha. Kwa mwanafunzi anayerekebisha tasnifu, akipanda na kushuka kwenye kurasa mia mbili, kukosa mishale ni adhabu. Achukue ya 68.

Mhasibu asinunue kibodi ndogo. Nasema hivyo nikijua Mzumbe wako jirani. Anayeingiza tarakimu kutwa nzima anahitaji zile namba za kulia, na ziada ya sentimita chache za meza haitamuua.

Je, wajua kwa nini namba za kibodi zinaanza na 7-8-9 juu, na za simu zinaanza na 1-2-3? Mashine za kujumlisha zilikuwa na 7-8-9 juu tangu zamani, na kibodi ikarithi. Watu wa simu wao walifanya utafiti: maabara ya Bell ya Marekani ilijaribu mipangilio mingi na kutoa matokeo mwaka 1960, ikachagua 1-2-3. Wakala wa pesa kwa simu anayetumia simu mkono mmoja na kompyuta mkono mwingine anaishi katikati ya uamuzi huo kila siku, na akikosea tarakimu, hela imeenda.

Alama yetu ya bei, ile /= inayofuata 5,000 kwenye kila kibandiko cha duka, haina kitufe chake popote duniani. Tunaiunga kwa vitufe viwili, vyote mkono wa kulia.

Nirudi kwenye kununua, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Kutoka katikati ya kitufe kimoja cha herufi hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Kipimo hicho ndicho moja. Vitufe vikubwa hupimwa kwa hicho: Shift ya kulia ya kawaida ni 2.75, kitufe cha nafasi ni 6.25, Enter ya Marekani ni 2.25. Lakini kibodi ya vitufe 68, ili ipate nafasi ya mshale wa juu, hukata Shift ya kulia ikawa 1.75. Upande wa kulia wa kitufe cha nafasi nao, badala ya vitufe vya 1.25, hubana vitatu vya kipimo kimoja kimoja.

Ukinunua seti ya kofia 104 ukidhani "kubwa haikosi kutosha ndogo", utakuta herufi zote zimekaa na Shift imegoma. Chukua rula. Zidisha kipimo kwa 19, toa kama milimita moja ya uwazi baina ya vitufe: Shift ya 1.75 iwe kama milimita 32, ya 2.75 iwe kama 51, kitufe cha nafasi cha 6.25 kiwe kama 118. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi kabla ya kulipa. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Ngerengere ikiwa na kituo chake, kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo si shida. Kurudi tena kwa ajili ya Shift moja ni uzembe. Na kama umeagiza China, hakuna treni ya kukurudisha.

Kibodi ya Uingereza ina mtego wake mwingine: Enter ndefu ya kusimama, na Shift fupi ya kushoto yenye kitufe cha ziada pembeni. Hakikisha seti inavyo.

Je, wajua kwamba ule msalaba wa tumboni ulitoka kampuni moja? Cherry ilianzishwa Marekani mwaka 1953, baadaye ikahamia Ujerumani, na swichi zake za MX zilitoka miaka ya themanini mwanzoni. Hataza ilipokwisha, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vikatengeneza swichi zinazovaana na kofia zilezile. Bei ikashuka, na ndiyo maana mwanafunzi wa Morogoro anaweza leo kuifikiria kibodi ya namna hii. Rangi ya swichi ni lugha: nyekundu inateremka laini, kahawia ina kikwazo kidogo njiani, bluu inalia "tik". Kama mnalala wawili chumba kimoja, bluu ni uchokozi. Mvua ya masika ikiwa juu ya bati, hata hivyo, hakuna atakayeisikia.

Umbo la kofia ni jambo la kidole, si la jicho. Kuna seti ambazo kila mstari una mwinamo na kimo chake, na kuna seti ambazo mistari yote ni sawa. Za mwinamo zinapendeza vidole. Za usawa zina faida moja kubwa: kofia yoyote inakaa popote.

Na hiyo ina maana kwa Kiswahili kuliko unavyodhani. August Dvorak, profesa wa Marekani, alipata hataza ya mpangilio wake mwaka 1936. Alizikusanya irabu zote tano, A, O, E, U, I, kwenye mstari wa katikati wa mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi akazipeleka kulia. Sasa Kiswahili kinakwenda konsonanti-irabu, konsonanti-irabu: ba-ra-ba-ra, ma-ha-ra-ge, sa-ma-ni. Kwenye Dvorak mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unajibu. Barabara yote inaandikwa kwa kupokezana, herufi kwa herufi. Dosari ni K: Dvorak aliiacha kushoto pamoja na irabu, mstari wa chini, na sisi K tunaihitaji kwa ku-, ki-, ka- na kwa. Hata hivyo, nikimwona Mswahili mwenye kofia za usawa na moyo wa kujaribu, ningemwambia azihamishe. Mpangilio huo umo tayari ndani ya Windows. Hana cha kununua.

Haya, taa.

Je, wajua kwamba rangi iliyochelewa kuliko zote ni bluu? LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Bluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri mpaka miaka ya tisini, na wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila bluu hakuna nyeupe, wala hakuna hizo "rangi milioni 16" zinazoandikwa kwenye boksi. Hesabu yake ni nyepesi: nyekundu, kijani na bluu, kila moja ina ngazi 256. Zidisha 256 kwa 256 kwa 256 upate 16,777,216. Utatumia mbili au tatu.

Je, wajua kwamba kibodi yako haiwezi kuwasha taa zake zote kwa nguvu zote? Kitufe kimoja cha rangi tatu kinaweza kutaka hadi miliampia 60. Vitufe 61 ni miliampia 3,660. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa 500 tu, wati 2.5 kwa jumla. Ni zaidi ya mara saba. Kwa hiyo chipu ya ndani inaziwasha na kuzizima kwa kasi ambayo jicho haliioni, na kupunguza nguvu. Ukiona taa zinapauka unapochagua nyeupe, ndiyo hiyo: nyeupe inawasha zote tatu kwa pamoja.

Wati 2.5 si kitu mbele ya LUKU. Mtambo mmoja wa bwawa la Julius Nyerere, huko mto Rufiji ambako mkoa wa Morogoro unapakana na Pwani, una megawati 235, na mitambo iko tisa. Mtambo huo mmoja ungewasha kibodi milioni 94. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Tungegawana moja moja, na nyingine zaidi ya milioni 32 zikabaki kwenye maboksi.

Mambo yanageuka kibodi ikiwa haina waya. Tuseme betri ni ya mAh 4,000. Taa zikinywa miliampia 200, unapata saa 20. Zima taa, kibodi ikabaki inakunywa miliampia 5, unapata saa 800, zaidi ya mwezi. Umeme ukikatika jioni na laptopu nayo inapumua kwa shida, hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza kazi na kulala.

Je, wajua kwamba taa ya bluu huita wadudu kuliko ya njano au nyekundu? Macho ya wadudu wengi warukao usiku huvutwa na mwanga wa bluu na ule wa zambarau tusiouona. Baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi wakitoka, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto, kibodi ya bluu inapata wageni; mabawa yanaingia katikati ya vitufe, na kesho yake sisimizi wanakuja kuyafuata. Weka rangi ya machungwa, ipunguze. Macho yako nayo yatashukuru, maana bluu ndiyo inayoukumbusha ubongo kwamba bado ni mchana.

Ngerengere ina kambi ya ndege za jeshi, iliyojengwa kwa msaada wa China miaka ya sabini, kwa hiyo hili linawahusu watu wa huko: kwa muda mrefu marubani duniani walimulikiwa vyombo vyao kwa taa nyekundu usiku. Jicho linachukua karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na chembe zake za kuonea gizani karibu haziioni nyekundu, kwa hiyo haziharibiki. Ubaya wake, mistari myekundu kwenye ramani ilipotea kabisa. Kwa mtu anayeandika gizani bila kutaka kumwamsha mtoto, nyekundu hafifu ni chaguo la akili, mradi herufi za kofia zipitishe mwanga.

Na hilo la kupitisha mwanga ndilo linalosahaulika. Kofia nene za PBT zenye wino uliopikwa hazipitishi. Utaona mwanga unatoka pembeni tu, kwenye nyufa, huku herufi yenyewe iko gizani. Inapendeza kwenye picha. Kusoma, husomi. Ukitaka herufi iwake, tafuta zile za plastiki mbili ambazo herufi yake ni ya plastiki inayong'aa.

Jambo dogo la kiufundi, lina thamani ya dakika moja: tazama LED imekaa upande gani wa swichi. Ikiwa upande wa skrini, inamulika vizuri herufi zilizochapwa juu ya kofia, lakini baadhi ya kofia fupi za umbo la Cherry hugonga swichi kabla hazijafika chini, hasa mstari wa tatu, mstari wa A! Ikiwa upande wako wewe, kofia zote zinakaa, ila mwanga unaangukia chini ya herufi. Mimi ningechukua ya pili, niache herufi zififie.

Kwa sababu, je, wajua kwamba tarehe 25 Julai 1888, huko Cincinnati, Frank McGurrin alimshinda Louis Traub katika shindano la kuchapa akiwa haangalii vitufe kabisa? Traub alitumia mashine yenye vitufe vya herufi kubwa mbali na ndogo mbali, na macho yake yalikuwa yanakimbizana. McGurrin alikuwa ameikariri QWERTY. Tangu hapo kuchapa kwa vidole kumi kukawa ndiyo kuchapa. Asiyeangalia vitufe, taa ya vitufe ni pambo kwake. Kampuni ya PFU ya Japani, iliyotoa kibodi yake ndogo ya Happy Hacking mwaka 1996, ikaja kuuza hata toleo lisilo na herufi juu ya kofia.

Ukianza kujifunza, papasa F na J. Zina kinundu. Vidole vya shahada vinakaa hapo, vingine vinajipanga. Ukinunua seti mpya hakikisha kinundu kipo, kwa sababu usiku umeme ukiwa hakuna, hicho ndicho kitakachokuonyesha njia.

Kompyuta zinazoletwa kutoka Muscat na Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu na za Kilatini kwenye kofia moja. Anayetaka kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama wazee wa pwani, atakwama: mpangilio wa kawaida wa Kiarabu hauna p, v, ch wala g yetu. Kevin Donnelly alitengeneza mfumo uitwao Andika! kwa kazi hiyo hasa.

Kusafisha, kwa vumbi la Ngerengere wakati wa kiangazi, ni lazima. Piga kwanza picha ya kibodi kwa simu, kwa sababu ukishang'oa kofia 61 hutakumbuka mahali pa alama zote. Kama huna kikoleo chake, kunja waya mwembamba mara mbili uwe na ndoana mbili, upitishe pande mbili za kofia, vuta wima. Kitufe cha nafasi, Shift na Enter vina waya wa chuma chini. Anza upande mmoja, usivute kwa hasira. Zitie kofia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Maji yanayochemka yaache kwa chai: ABS huanza kulegea kwenye nyuzi kama 100, na kofia iliyopinda hairudi. Zianike kivulini, matumbo juu, kwa sababu jua kali huigeuza ABS nyeupe kuwa njano. Maji hujificha ndani ya ule msalaba. Kofia ikikaushwa nusu, maji yanashuka kwenye swichi. Bora ilale usiku mzima, urudishe asubuhi, ukianza na mstari wa A.